Muhula wa kwanza wa mwalimu mpya: namna ya kulinda moyo wa kazi kwenye darasa la watoto 90

Kila ajira mpya zikitoka, shuleni kwetu huripoti mwalimu mmoja au wawili. Wanakuja na begi, godoro, na maandalio ya somo yaliyopigiwa mistari kwa rula. Wiki ya kwanza sauti zao zinasikika mpaka barabarani. Mwezi wa tatu ukiingia, kengele inalia na wao bado wamekaa chini ya mwembe wakiangalia simu. Wakongwe wanacheka: "Nguvu ya soda hiyo."

Baadaye wananifuata mmoja mmoja. "Madam, mbona nimechoka mapema hivi?" Nikiwauliza wamejaribu nini, majibu yanafanana. Wamesikiliza wahamasishaji mtandaoni, wamejikumbusha kwamba ualimu ni wito, wamejilazimisha kuamka saa kumi alfajiri. Baada ya wiki mbili wamerudi palepale.

Nafundisha madarasa ya chini, huu ni mwaka wangu wa 11, na mwaka wa kwanza nilichoka kuliko wao. Nilichokuja kukiona ni hiki: moyo wa mwalimu unashiba akimwona mtoto aliyeshindwa jana akiweza leo. Kwenye darasa la watoto 20 utaliona jambo hilo bila kulitafuta. Kwenye darasa la watoto 90 hulioni, hata likitokea mbele ya macho yako. Unafundisha, unasahihisha, sauti inakauka, na jioni huwezi kutaja mtoto hata mmoja aliyepata kitu kipya siku hiyo. Uchovu unaanzia hapo, na mshahara ukipanda kesho hautauondoa (wapandishe tu, hatukatai).

Kwa hiyo mwongozo huu ni utaratibu wa kumwona mtoto mmoja mmoja ndani ya umati. Nimeuandika kwa mwalimu wa Darasa la Kwanza hadi la Nne kwenye shule ya serikali ya Tanzania, somo la Kiswahili likiwa mfano. Hatua ziko 9. Usiruke, hasa ya kwanza na ya pili, maana wanaoniambia "nimejaribu haikufaa" wengi waliziruka hizo mbili.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kaunta buku moja ya kwaya 3. Hii ni ya watoto. Usiandikie humo vikao wala madeni ya dukani.
- Kalamu ya bluu na nyekundu, na penseli.
- Maka peni nyeusi mbili.
- Viroba vitatu vinne vya unga au sukari, visafi. Vipasue, vioshe, vianike. Chati ya kiroba haichaniki, haiogopi mvua, na inadumu kuliko manila.
- Vizibo vya soda visivyopungua 200. Waombe wenye maduka na watoto wenyewe.
- Muhtasari wa somo lako na kiongozi cha mwalimu, hata kama ni nakala ya kwenye simu.
- Saa. Ya simu inatosha, ila iweke hali ya ndegeni uingiapo darasani.
- Faili la kwako binafsi: barua ya ajira, barua ya kupangiwa kituo, vyeti, barua ya kuripoti. Piga nakala mbili mbili.

Faili hilo halina uhusiano na kufundisha, lakini utakuwa kwenye kipindi cha majaribio cha miezi 12, na siku ya kuthibitishwa kazini usije ukaanza kutafuta karatasi iliyoliwa na mchwa.

## Hatua ya 1: Majina kwanza, mada baadaye (wiki ya 1)

Chora ramani ya madawati kwenye kurasa mbili za mwanzo za kaunta buku. Tuseme una madawati 30, mistari mitano ya madawati sita, kila dawati watoto watatu. Hiyo ni mistari mitano yenye watoto 18 kila mmoja. Wanaokaa chini wape mkeka, nao uhesabu kuwa mstari.

Jumatatu jifunze mstari wa kwanza tu. Jumanne wa pili, huku ukirudia wa kwanza. Ijumaa umemaliza. Asubuhi simama mlangoni, uwapokee kwa majina wanapoingia. Ukikosea, muulize mtoto mwenyewe. Watoto hufurahi sana mwalimu akikosea akakubali.

Kwa nini tuanzie hapa? Ukisema "wewe wa nyuma, acha," wanageuka watoto watano na aliyefanya kosa hayumo. Ukiita jina, anageuka mmoja. Nusu ya kelele za darasa kubwa zinatokana na watoto kujua kwamba mwalimu hawajui.

Tahadhari moja imewahi kunikwamisha wiki nzima. Vijijini mtoto anaweza kuandikishwa kwa jina la cheti huku nyumbani akiitwa jina lingine kabisa. Unaita mahudhurio, haitiki, unaweka alama ya utoro, kumbe amekaa mbele yako anakutazama. Nilikuwa na binti wa namna hiyo. Nilimwandikia utoro siku nne. Siku ya tano nikauliza, "Huyu nani?" Darasa zima likajibu kwa jina ambalo sikuwa nalo kwenye daftari. Andika majina yote mawili.

Usiwaite kwa maumbile yao, kibonge au kifupi, hata kama wenyewe kwa wenyewe wanaitana hivyo.

Umefanikiwa kama Jumatatu ya wiki ya pili unaweza kuita mahudhurio bila kufungua daftari ukawapata 70 kati ya 90. Waliobaki watakuja wenyewe.

## Hatua ya 2: Mpime kila mtoto, ana kwa ana (wiki ya 2)

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo walimu wapya wengi wanapokata kona. Wanatoa jaribio la kuandika kwa darasa zima, wanapata alama, wanaamini alama.

Nikuambie kwa nini usiziamini. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na mvulana wa Darasa la Pili mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Nikiandika ubaoni ananakili kila kitu, herufi zimekaa juu ya mstari, hakuna kufuta. Kwa miezi miwili nilimpa vema nyekundu na "Hongera". Siku moja nikapita nyuma yake, nikaweka kidole kwenye neno aliloliandika dakika hiyohiyo na kumwambia, "Nisomee." Hakuangalia daftari. Aliangalia mdomo wangu, akisubiri nianze ili anifuate. Nikatazama tena alichoandika. Ubaoni chaki yangu ilikuwa imeteleza na kuacha kamkia kwenye herufi *a*. Na kwake kamkia kapo. Mtoto alikuwa anachora. Hakuwa anaandika.

Darasa la watoto 90 halikosi wachoraji. Utawajua kwa njia moja tu, kukaa nao ana kwa ana.

Tengeneza kadi ya mistari minne:

1. Herufi: a, m, k, e, t
2. Silabi: ba, mu, nda, nyo, ng'o
3. Maneno: kiti, ndizi, shamba, mchele, ng'ombe
4. Habari: Bibi anauza ndizi sokoni. Mjukuu wake anabeba kikapu. Jua ni kali.

Mwanzie mstari wa kwanza. Akipata vinne kati ya vitano, mpeleke wa pili. Akikwama, mwishie hapo, mshukuru, mruhusu. Anayesoma habari muulize, "Nani anabeba kikapu?" Wapo wanaotamka kila neno vizuri na hawajui wamesoma nini.

Mtoto mmoja huchukua dakika 2. Watoto 90 ni dakika 180, yaani saa 3. Ukigawa kwa siku 5 ni dakika 36 kwa siku, watoto 18, mstari mmoja wa madawati. Wengine wape kazi ya kuchora au kuhesabu vizibo wakati unapima. Mimi huweka meza yangu mlangoni: jicho moja ndani, mtoto amekaa nje kivulini.

Usimpime mtoto mbele ya mwenzake. Watoto wana masikio, na wa nne kwenye foleni atakuwa ameshaikariri kadi nzima. Tengeneza kadi mbili tofauti, upishane.

Kwa hesabu huhitaji kuwapima mmoja mmoja. Andika maswali matano ubaoni, waandike majibu: 3 + 4, 7 + 5, 9 − 6, 12 − 4, 20 + 15. Ambaye amekosea swali la pili mpe vizibo, umwangalie anavyohesabu. Kosa lake litaonekana vidoleni.

Andika matokeo kwenye kaunta buku: jina, ngazi aliyoishia, na pale alipokwama hasa. Kwa mfano: "Silabi. Anasoma ba, mu. Anakwama nda na nyo." Ukanda wetu watoto wengi wanatoka nyumbani na Kisukuma, kwa hiyo kuna safu nyingine ya r na l. Anayesoma "karamu" akatamka "kalamu" amesoma, ila matamshi yanahitaji kazi. Usimrudishe ngazi ya chini kwa sababu hiyo.

Jiandae pia kushtuka. Ukipima Darasa la Tatu utakuta watoto ambao hawajui silabi, na utatamani kumlaumu mwalimu aliyekuachia darasa. Funga mdomo. Yuko ofisi moja na wewe, alifundisha umati uleule, na wiki ijayo utahitaji akuambie yupi ana matatizo ya macho na yupi analelewa na bibi.

## Hatua ya 3: Wapange kwa ngazi

Sasa una makundi manne: herufi, silabi, maneno, habari. Mgawanyo huu si wangu. Watu wa mradi wa utafiti uitwao Uwezo waliutumia kupima watoto majumbani Tanzania, Kenya na Uganda, na kule India shirika la Pratham limefundishia kwa njia hii kwa miaka mingi. Unafanya kazi kwa sababu rahisi: mtoto asiyejua *nda* hawezi kufaidi chochote unaposoma hadithi ukurasa wa 14, hata ukipaza sauti namna gani.

Mara tatu kwa wiki, nusu saa, wakae kwa ngazi. Kundi la habari lisome wawili wawili kwa zamu. Kundi la maneno lipe chati ya kiroba na kiongozi mtoto mwenye fimbo ya kuonyeshea. Wewe kaa na herufi na silabi. Wao ndio wanaokuhitaji, na kila mwalimu mchovu huwakimbia, kwa kuwa kukaa na wanaojua kunafurahisha zaidi.

Makundi yape majina ya miti au ndege. Epuka A, B, C. Hata hivyo usijidanganye, siku ya tatu watoto watakuwa wameshajua Kunguru ni akina nani. Dawa ni kuwahamisha. Kila baada ya wiki mbili pima upya watano watano, anayestahili apande siku hiyohiyo, darasa limpigie makofi ya kilo.

Kama baada ya mwezi hakuna aliyepanda, usiendelee na hatua ya nne kana kwamba mambo ni shwari. Shuka ngazi moja: huenda wa silabi bado wana shida ya herufi mbili tatu ulizodhani wanazijua.

## Hatua ya 4: Acha kuuliza "Mmeelewa?"

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo mwalimuuu!"

"Ndiyo" ya darasa zima ni salamu, kama "marahaba". Haina habari yoyote ndani yake. Nimewahi kuuliza "Mmeelewa?" kabla sijaanza kufundisha, kwa mzaha tu, wakaitikia vilevile.

Kipindi ni dakika 30 kwa Darasa la Kwanza na la Pili, 40 kwa wanaofuata. Toa dakika 5 za mwisho, zisiguswe. Zikifika, acha kuzungumza hata kama hujamaliza. Toa swali moja tu, jibu lake liwe neno moja au namba moja, kila mtoto aandike peke yake kwenye kona ya daftari. Kisha kusanya madaftari ya mstari mmoja wa madawati, 18. Kesho mstari mwingine. Kwa wiki umewaona wote 90 bila kubeba mlima wa madaftari kwenda nao nyumbani.

Sahihisha palepale kwa alama tatu. Vema ni ameweza. Nukta ni karibu. Duara ni hajaweza. Usiandike insha ya maoni kwa mtoto asiyejua kusoma.

Kitakachokusumbua ni mada kubaki nyuma. Azimio la kazi linasema wiki hii uwe mada ya nne, wewe uko ya tatu. Sikiliza: mada uliyoipita bila watoto hujaifundisha, umeipitia tu peke yako. Zungumza na mwalimu wa taaluma mapema, mwonyeshe takwimu zako za Hatua ya 2. Mkimaliza kuongea, andika mlichokubaliana.

Dalili kwamba hatua hii imeshika: unatoka darasani na namba mdomoni. Badala ya "leo kipindi kimeenda vizuri", unasema "leo 11 kati ya 18".

## Hatua ya 5: Makaratasi yakutumikie

Fungua maandalio ya somo ya shule yoyote, nenda kwenye sehemu ya tathmini. Utakuta "Somo limeeleweka kwa asilimia 80." Kesho yake asilimia 80. Siku ya mvua, darasa nusu halipo, asilimia 80. Tumeandika hivyo sote.

Badilisha sentensi hiyo moja tu. Mfano kutoka kwangu:

"Mstari wa 2: 11 kati ya 18 wameandika *ndizi* sawasawa. 7 wameandika *dizi*. Kesho dakika 10 za mwanzo: nd, kwa chati ya kiroba."

Umeandika tathmini na utangulizi wa somo la kesho kwa pigo moja. Mthibiti ubora wa shule akija, una ushahidi ambao wenzako hawana. Na kazi ya kuandaa somo, ambayo walimu wapya huiona adhabu ya kila usiku, inapungua, kwa sababu tayari unajua kesho unaanzia wapi.

Azimio liandike likizo. Majukumu yako kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, yajaze kila wiki mtandao ukiwa mwepesi, usisubiri mwisho wa mwezi wilaya nzima inapoingia kwa pamoja.

## Hatua ya 6: Fimbo iache ofisini

Kanuni za mwaka 2002 ziko wazi: adhabu ya viboko hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, haizidi viboko vinne, na lazima iandikwe kwenye kitabu. Mwalimu mpya anayechapa watoto darasani bila kuteuliwa hivyo anavunja kanuni kabla hajathibitishwa kazini. Hilo peke yake lingetosha.

Lakini iko sababu nyingine inayohusu mwongozo huu. Fimbo inakuficha mtoto. Anayeogopa kuchapwa haandiki *dizi*. Anachungulia kwa mwenzake na kuandika *ndizi*, na wewe unapata vema ya uongo. Utaratibu wote wa Hatua ya 4 unakufa hapo.

Badala yake, zoesha darasa ishara moja. Mimi napiga makofi mawili ya polepole na matatu ya haraka, wao wanayarudia, kisha kimya. Wiki ya kwanza utairudia mpaka uchoke. Wiki ya tatu itafanya kazi yenyewe.

Orodha ya wapiga kelele inayoandikwa na kiranja ifute kabisa. Sote tunajua inavyoandikwa: marafiki wa kiranja hawamo, adui yake yuko namba moja na ameongezewa "×3".

Kabla hujamhesabu mtoto kuwa mtukutu, angalia mambo matatu. Anaona ubao? Msogeze mbele siku mbili uone. Anasikia? Mwite kwa sauti ya kawaida akiwa amekupa kisogo. Amekula? Shule yenye uji wa saa nne tofauti yake utaiona kuanzia saa tano.

## Hatua ya 7: Ofisi ya walimu na mfuko wako

Haya mawili hayafundishwi chuoni, na ndiyo yanayozima watu wengi.

Ofisini kutakuwa na meza ya malalamiko. Malalamiko mengi ni ya kweli: nyumba, kupandishwa madaraja, uhamisho. Usiyapinge, usijifanye mtakatifu. Kaa, sikiliza, ondoka baada ya chai. Kisha tafuta mwalimu mmoja, mmoja tu, ambaye watoto wake wanasoma, umwombe uingie darasani kwake kipindi kimoja kwa wiki. Mwambie, "Shikamoo mwalimu, naomba nije kujifunza kwako." Sijaona aliyekataliwa. Mkiwa na kikao cha jumuiya ya ujifunzaji chini ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), peleka tatizo moja halisi kutoka kwenye kaunta buku yako. "Watoto 7 wanaacha n kwenye nd" inaleta mjadala. "Wanafunzi hawana mwamko" inaleta miayo.

Mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa. Ulizia fedha ya kujikimu halmashauri siku unaporipoti, na uje na akiba hata ndogo. Muhimu kuliko yote: usikope kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, na usimpe mtu yeyote kadi yako ya benki na namba ya siri. Nimewaona walimu wanaoingia darasani mwisho wa mwezi huku kadi iko kwa mkopeshaji. Akili zao haziwezi kuwa kwenye silabi. Ukikopa benki, kumbuka makato yote yakijumlishwa lazima yakuachie angalau theluthi moja ya mshahara wako wa msingi. Mimi nakushauri usifike karibu na mpaka huo mwaka wa kwanza.

## Hatua ya 8: Ijumaa, dakika 10

Madaftari yameisha, watoto wameenda kufagia. Kaa peke yako na kaunta buku. Andika mistari mitatu:

"Amesogea: wa dawati la 7 dirishani, silabi kwenda maneno. Amesoma *shamba* bila kusita.
Amekwama: wale wawili wa mkekani. Wiki ya tatu, ng'o bado.
Nitabadilisha: ng'o nitaifundisha kwa *ng'ombe* aliyepita nje, sio kwa chati."

Basi. Ni mistari mitatu tu. Mstari wa kwanza ndio chakula chenyewe, na hauruhusiwi kuwa mtupu. Ukiona huna wa kuandika, rudi kwenye madaftari mpaka umpate. Siku zote yupo, hata kama alichopata ni herufi moja.

Ijumaa zangu za mwaka wa pili bado ninazo. Siku nikiamka sitaki kwenda kazini, na siku hizo zipo mpaka leo, huwa nasoma kurasa mbili nikisubiri chai ichemke.

## Hatua ya 9: Pima tena, uwaambie wazazi (wiki ya mwisho)

Rudia Hatua ya 2 neno kwa neno, dakika 36 kwa siku, siku 5. Andika ngazi mpya pembeni ya ile ya zamani ili safu mbili zitazamane.

Kwenye kikao cha wazazi usisome orodha ya nafasi. Mzazi akiambiwa "wa 63 kati ya 90" hana la kufanya zaidi ya kugomba. Mwambie sentensi moja: "Mama, mwanao alikuja anajua herufi, sasa anasoma silabi. Nyumbani akusomee maandishi ya kwenye mfuko wa unga kila jioni." Mzazi asiyejua kusoma mwambie amsikilize tu, mtoto hatajua.

Kama safu ya pili inafanana na ya kwanza kwa watoto wengi, usikimbilie kujilaumu. Anza na daftari la mahudhurio: hesabu siku walizokosa kila mmoja. Mtoto aliyekosa siku 30 za kilimo ana tatizo la utoro, na hilo ni la kupeleka kwa mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kitongoji, halitatuliwi kwa chati. Waliohudhuria wote na bado hawajasogea, angalia uliwakalia mara ngapi kwenye Hatua ya 3. Kwangu, mara nyingi jibu lilikuwa hapo: niliwaachia kiongozi mtoto nikaenda kufurahi na wasomaji.

Muhula wa pili anza upya kwa ramani mpya ya madawati. Na andika kadi nyingine ya kupimia. Ile ya bibi na ndizi wameshaikariri wote, hata wasiojua kusoma.